Sura ya Saba: Jani la Mzee Abdiel

Hope aliomba mvua inyeshe. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbao za kambi ya pili, pale kwenye uwanda mwembamba ulio kati ya kilele kikubwa cha Meru na mdogo wake, kikombe cha chai mkononi na macho ameyafumba. Akamwomba Mungu kwa adabu zote kwamba kama ana mvua yoyote ya ziada, aimwage sasa hivi. Mvua ikinyesha, hakuna atakayepanda Meru Ndogo mchana ule. Na wasipopanda, maneno aliyoyabeba tangu Arusha mjini yatapata ruhusa ya kulala siku moja zaidi.

Mbingu haikuwa na habari naye. Ukungu ulikuwapo, mwepesi, unaokuja na kuondoka bila kuaga, lakini mvua hata tone.

"Wifi! Unasali au unasinzia?"

Huyo alikuwa Evelyn, dada yake Derick, mwanamke mwenye mdomo usiojua kupumzika na moyo mzuri kuliko huo mdomo. Alikuja mlimani kwa kazi mbili: kupiga picha, na kuhakikisha kwamba kaka yake na mchumba wake wanalala vyumba tofauti. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamelisema hilo la vyumba kwa mkazo.

"Nasali," Hope akajibu.

"Basi mwombee na Derick. Pumzi imemwisha na bado hatujaanza."

Derick alicheka kutoka mlangoni. Alikuwa mrefu, mnene kidogo kiunoni, na tangu jana alikuwa akipanda mlima kama mtu anayesukuma gari bovu. Hata hivyo hakulalamika hata mara moja. Alikuwa amebeba begi lake na begi la Hope, na maji ya wote. Akamsogelea mchumba wake, akaangalia kikombe.

"Chai imepoa hiyo. Nikuletee nyingine?"

"Hapana, asante. Inatosha."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Derick. Hakuwa na kosa. Angekuwa mlevi, au mkali, au mbahili, Hope angepata pa kushika. Lakini mtu anayekuuliza kama chai yako imepoa utamwacha kwa sababu gani, na utawaambia nini watu?

Na watu walikuwa wengi. Harusi ilikuwa imekaribia kiasi kwamba gauni lilishapunguzwa kiuno na kamati ilishagombana kuhusu keki. Usharika ulikuwa umetangaza Jumapili mbili mfululizo kwamba Derick na Hope wanakusudia kufunga ndoa takatifu, na mwenye pingamizi aseme. Mara zote mbili Hope alikaa benchi la mbele akisubiri walau mtu akohoe. Hakuna aliyekohoa. Tangazo la tatu na la mwisho lilikuwa Jumapili inayokuja, na baada ya hapo hakuna anayeulizwa tena.

Safari hii ilikuwa ya picha. Wenzao huenda kupiga picha za kabla ya harusi ziwani Duluti, kisha hurudi mjini kula kuku. Derick alitaka Meru Ndogo. "Ukungu ukifunguka pale juu," alikuwa amesema, "unaiona Kilimanjaro yote, na kwetu Machame chini yake. Nataka watu wakikaa ukumbini waone nyumbani nyuma yetu." Hope alikubali kwa sababu nyingine kabisa. Alijiambia kwamba kule juu, mbali na mashangazi, hatimaye atamwambia.

"Haya, twendeni," akasema mzee Philemoni, askari wa hifadhi, akiweka bunduki begani. Alikuwa Mmeru wa Poli, mwenye ndevu za mvi na sauti ya taratibu. "Ukungu huu hauaminiki. Tukichelewa mtaangalia pamba tu."

Wakaanza. Njia ilikuwa nyembamba, ikipita katikati ya vichaka vifupi vyenye majani madogo magumu na nyasi kavu zinazokwaruza miguu. Miti ilikuwa imebaki chini kabisa. Hapa palikuwa na upepo tu, mawe meusi, na maua madogo meupe ambayo hata yakikauka hayanyauki. Philemoni mbele, Evelyn nyuma yake, kisha Hope, na Derick mwishoni akihema. Hope akajikuta katikati yao, mahali ambapo hata akigeuka nyuma kuna mtu.

Kwenye kona ya kwanza ya kupumzika akasimama.

"Samahani, mzee wangu," akamwambia Philemoni. "Kichwa kinaniuma. Naomba nirudi kambini, ninyi endeleeni."

Philemoni akatikisa kichwa. "Huku hatugawanyiki, binti. Tukipanda tunapanda wote, tukishuka tunashuka wote. Jana jioni nyati walionekana hapa hapa."

"Ni karibu tu, nitatembea polepole."

"Nyati hawajui habari za kichwa kuuma."

Evelyn akaangua kicheko. Derick hakucheka. Alikuwa akimwangalia Hope usoni, kwa macho yale yake ya upole yanayouliza kitu na kuogopa jibu.

"Kama unaumwa kweli, tunashuka wote," akasema. "Picha si kitu. Na koti hilo livue, unatoka jasho. Nipe nikubebee."

"Hapana!"

Neno lilitoka kwa haraka mno. Mkono wa Hope ulikuwa umeshafika kwenye mfuko wa ndani wa koti, ukaushika kana kwamba kuna kitu kitaruka. Derick akaurudisha mkono wake.

"Sawa," akasema. "Sawa, Hope."

"Naweza kuendelea. Imepungua."

Wakaendelea. Ndani ya mfuko ule kulikuwa na leso nyeupe, na ndani ya leso kulikuwa na jani.

Jani lenyewe lilikuwa refu, jembamba, limekauka likawa na rangi ya majani ya mahindi baada ya kuvuna, na katikati lilikuwa limefungwa fundo. Mchagga yeyote angelijua hata gizani. Lilikuwa jani la isale, mmea unaopandwa kwenye mipaka na kwenye makaburi ya wazee, na mtu aliyekosa akikuletea jani lake, hata kama amekuua nusu, humrudishi. Unapokea, na jambo lile linakufa hapo. Halitajwi tena, si kwa hasira wala kwa utani.

Aliyemletea Hope jani lile alikuwa baba yake mzazi.

Mzee Abdiel, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale Levolosi na mzee wa kanisa, alikuwa na namna yake ya kumfukuza mtu bila kumfukuza: haitikii shikamoo. Siku Lesian alipokuja nyumbani kujitambulisha, amevaa shati jipya na viatu vilivyong'aa, alisema "Shikamoo, baba" mara mbili. Lesian alikuwa daktari wa mifugo huko kwao Oldonyo Sambu, Mmasai aliyekulia Sunday school kama wao, kijana mwenye kicheko cha kifuani na mikono inayonuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hope alikuwa amempenda mpaka usingizi ukamkimbia. Mzee Abdiel alimwangalia kijana kuanzia viatu kwenda juu, mbele ya mashangazi wote, akasema, "Geti liko nyuma yako."

Hope alitoka kwa geti lile lile. Akaenda kukaa Nduruma kwa rafiki yake, na kila alipompigia baba yake simu, akisema "Shikamoo, baba," simu ilikaa kimya kisha ikakatwa. Mvua zilikuja zikaenda. Mama yake akaanza kuugua presha.

Kisha asubuhi moja mzee Abdiel akatokea Nduruma, amevaa suti ya kanisani, amefuatana na mke wake na dada zake, na jani bichi la isale mikononi. Mtu ambaye hajawahi kumwambia pole hata mhudumu ambaye yeye mwenyewe amemkanyaga. Midomo ilikuwa ikimtetemeka. "Mwanangu," alisema, "nilikufungia mlango. Nimekosa." Hope alilia. Alipokea jani kwa mikono miwili, akasema "Shikamoo, baba," na baba yake akasema "Marahaba," na akina mama wakapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Hakuuliza. Hilo ndilo kosa lake. Hakuuliza jani lile linazika nini. Yeye alidhani anamsamehe baba kwa kumfungia mlango. Kumbe nyumbani walihesabu kwamba habari yote imekwisha, pamoja na Lesian ndani yake. Jioni ile ile alipofungua mdomo kulitaja jina lake, shangazi Susana alimkandamiza kwa jicho. "We mtoto, umepokea isale ukiwa na akili zako. Unataka kufukua?" Na tangu siku hiyo Lesian akawa jina lisilosemeka ndani ya nyumba ile. Alimtumia Hope ujumbe mmoja tu: *Nimesikia mmepatana. Nimefurahi kwa ajili ya mama yako.* Hope hakujua ajibu nini, akachelewa, na kuchelewa kukawa ndiyo jibu. Ndipo akina Derick wakaja kuposa, na soda zao na heshima zao, na mlango mmoja baada ya mwingine ukawa unafungwa taratibu, kwa upendo, na kila aliyeufunga alikuwa akitabasamu.

"Hope."

Alishtuka. Evelyn na Philemoni walikuwa wametangulia mbele. Derick alikuwa amemfikia, jasho likimtiririka mashavuni.

"Nikuulize kitu? Lakini unijibu kweli."

"Uliza."

"Una furaha?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Njia ilikuwa tupu, upepo ulikuwa wao wawili tu. Akamwangalia, akayaona yale macho, na ulimi wake ukakataa kazi.

"Nimechoka tu, Derick."

"Mm." Akatingisha kichwa polepole. "Mimi pia nimechoka. Lakini nina furaha. Ndiyo maana nauliza."

Akampita, akashika mkono wake kumvusha kwenye jiwe lililolegea, kisha akauachia.

Walipofika juu, palikuwa na kibao cha mbao, rundo la mawe, na ukungu. Huko kote ambako Kilimanjaro ilipaswa kuwa kulikuwa kweupe kama shuka. Evelyn akaweka mikono kiunoni.

"Haki ya nani! Yaani nimevunja goti kuja kuangalia maziwa?"

"Subirini," akasema Philemoni, akakaa juu ya jiwe na bunduki mapajani. "Utafunguka. Ama hautafunguka."

Wakati huo huo simu zikaamka. Kambini hakukuwa na mtandao, lakini juu ya kilima kile mawimbi yalifika bila kizuizi, na mfuko wa Hope ukaanza kutetemeka: fundi wa gauni, kamati, mama, shangazi, kamati tena. Hata hapa, Hope aliwaza. Hata hapa juu wamenifikia.

"Sasa!" Evelyn akapiga makofi. "Ilikuwa iwe siri. Wifi, simama hapa. Kaka, hapa, mshike bega. Msinune!"

Kabla Hope hajaelewa, simu ya Evelyn ilikuwa imeshapiga na kupokelewa, na kwenye kioo kile kidogo kulikuwa na sebule ya kwao Sakina, imejaa. Mama yake alikuwepo, na mama Derick, na shangazi Susana amevaa kilemba kipya. Walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya hili.

"Tumefika, mama!" Evelyn akapaza sauti. "Waoneni maharusi wenu!"

Vigelegele vikapasuka kutoka kwenye simu vikasambaa katika upepo. Ukungu ukawazunguka pande zote, mkono wa Derick ukiwa begani kwake, na Hope akasimama katikati kama mtu aliyewekwa kwenye fremu.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba! Mkwe wangu, mbona umepauka hivyo?" mama Derick akacheka. "Derick, mpe maji mwenzio! Haika, asanteni, Mungu awatunze. Jumapili tangazo la mwisho, na mimi nitakaa mbele kabisa!"

"Hope, mwanangu," ikasema sauti nzito, na uso wa mzee Abdiel ukajaa kioo chote, miwani imeshuka puani. "Unaniona? Baba yako nina furaha. Sema neno, wote tukusikie."

Sema neno. Hope akafungua mdomo. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti bila yeye kuutuma, leso ikatoka, ikafunguka, na fundo la jani kavu likachungulia kati ya vidole vyake. Derick akatazama chini. Aliliona. Alikuwa mtoto wa Machame, hakuhitaji kuelezwa.

Kisha akanyoosha mkono akachukua simu kutoka kwa dada yake.

"Baba, mtandao wa huku unasumbua," akasema kwa sauti ile ile ya kawaida. "Tutawapigia." Akakata.

"We kaka, mbona ulikuwa vizuri kabisa!"

"Evelyn, nenda na mzee mkaangalie pale kwenye yale mawe. Pengine picha zitafaa zaidi."

Evelyn akatazama uso wa kaka yake, akamtazama Hope, na kwa mara ya kwanza tangu geti la hifadhi hakuwa na la kusema. Akaenda. Philemoni akamfuata, akakaa mahali anapoweza kuwaona bila kuwasikia.

"La nani hilo?" Derick akauliza.

"La baba. Aliniletea mimi, Nduruma."

"Na sasa unataka kumpa nani?"

Hope akalia. Hakupanga kulia, lakini machozi yalikuwa yamesubiri muda mrefu. Akalishika jani kwa mikono miwili, kama alivyolipokea, akamnyooshea.

"Nimekukosea, Derick. Nilikuacha uje kwetu, nikakaa kimya. Nilikuacha ununue pete, nikakaa kimya. Kuna mtu…"

"Daktari wa mifugo."

Hope akabaki mdomo wazi.

"Arusha ni ndogo, Hope. Nilisikia hata kabla hatujaja kwenu. Nikaambiwa yaliisha kwa isale, nikasema basi, kama yaliisha kwa isale, yaliisha." Sauti yake ilianza kukwaruza. "Nilikuwa nasubiri siku moja utaniangalia vile ulivyokuwa unamwangalia yeye. Sijui hata ulikuwa unamwangaliaje. Nilikuwa nakisia tu."

"Naomba unisamehe."

"Na kama sitaki?" Akacheka kicheko kikavu. "Ah. Siwezi kutotaka, sivyo? Umekuja na jani. Nikilikataa mimi ndiye mbaya, nikilipokea siruhusiwi hata kukuuliza kwa nini. Umenifunga vizuri sana. Umejifunza wapi?"

Maneno yale yalimpiga Hope kuliko kofi. Alitazama mikono yake iliyonyooshwa, na hakuiona mikono yake. Aliiona ya baba, na suti ya kanisani, na midomo inayotetemeka ambayo ilikuwa kweli inatubu na papo hapo inafunga mlango. Siku zote alijiona yeye ndiye aliyetegwa. Na sasa alikuwa amesimama juu ya kilima, amebeba mtego ule ule, anamtegea mtu aliyembebea maji.

Akaurudisha mkono. Akalishusha jani.

"Usilipokee," akasema. "Sikuombi kwa hili. Nakuomba kwa mdomo tu, na una haki ya kukataa. Niulize chochote."

Upepo ukapita kwenye nyasi.

"Anajua unaniacha?"

"Hapana. Hatujazungumza tangu wakati ule."

"Kwa hiyo unaniacha kwa ajili ya mtu ambaye hujui hata kama bado anakutaka."

"Ndiyo."

"Na kama ameshaoa?"

"Basi nitalia. Lakini nikiolewa na wewe nitalia pia, na wewe utakuwa unanisikia kila siku na kuniuliza kama chai imepoa." Akajifuta uso kwa leso. "Hustahili hivyo, Derick. Wewe ni mtu mzuri. Nakuheshimu kuliko watu wengi ninaowajua. Lakini sikupendi vile unavyonipenda, na nimejaribu, Mungu shahidi, nimejaribu."

Derick akageuka akampa mgongo. Mabega yake makubwa yalitikisika mara moja, kisha yakatulia. Alipoongea, alikuwa anauambia ukungu.

"Sikusamehe. Leo sikusamehe."

"Sawa."

"Labda baadaye. Leo hapana."

"Sawa, Derick."

Na iliuma, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Hope kusikia mtu akimwambia neno la kweli, na akapumua mpaka chini kabisa ya kifua.

"Kaka!" Evelyn akaita kutoka kwenye mawe. "Kaka, angalieni!"

Ukungu ulikuwa unapasuka. Ulianza upande wa mashariki, ukachanika vipande vipande, na Kilimanjaro ikatokea juu yake, nyeupe kichwani, kubwa kuliko walivyoikumbuka, na chini yake kijani cha Machame ambako babu zao wote wawili wamelala chini ya isale. Kisha upande wa pili nao ukafunguka. Longido ikasimama peke yake kwenye tambarare kavu, na huku karibu zaidi, chini ya msitu, mabati machache yaling'aa katika jua. Oldonyo Sambu. Hope alisimama akiyatazama mabati yale. Hakujua lipi ni la nani.

Derick aliona alikokuwa anatazama. Akageukia Machame, naye akatazama kwao.

"Tutawaambiaje?" akauliza hatimaye.

"Nitamwambia baba mwenyewe. Hili ni lake, namrudishia."

"Ukienda peke yako watakuweka kati na shangazi Susana, na Jumapili utakuwa benchi la mbele." Akavuta pumzi. "Nitakuja. Tutasimama wote wawili mbele yake, wewe na mimi. Akipokea, harusi haitajwi tena. Si ndivyo lilivyo?"

"Kwa nini unifanyie hivi? Umesema hujanisamehe."

"Sijakusamehe. Lakini sitaki mke aliyefungwa kamba akaletwa kwangu. Mimi si mnunuzi wa mbuzi."

Hope alitaka kucheka, ikatoka kwikwi. Kabla hajajibu, simu yake ikalia. Kwenye kioo palisomeka *Baba*.

Wakatazamana. Derick akarudi nyuma hatua moja, akampisha.

"Shikamoo, baba," Hope akasema.

"Hope, una nini?" Mzee Abdiel alikuwa ametoka nje, nyuma yake ilisikika minong'ono kutoka mlango wa sebule, na jogoo wa jirani. "Uso wako sikuupenda. Wengine hawakuona, mimi nimeona. Kuna nini huko? Derick amekufanya nini?"

"Derick hajanifanya kitu. Baba, keshokutwa jioni utakuwa nyumbani?"

"Nitakuwepo. Kwa nini?"

Akalishika lile jani, akalikandamiza fundo lake kwa kidole gumba. Lilikuwa limekauka, lakini halikukatika.

"Tunakuja kwako, mimi na Derick. Tunaleta isale."

Upande wa pili ukawa kimya. Hata jogoo alinyamaza. Hope aliukumbuka ukimya ule. Ndio uliokuwa ukikaa kwenye simu kule Nduruma kila aliposalimia, kisha simu ikakatwa. Na hata sasa baba yake alikuwa hajaitikia shikamoo. Akafumba macho, akasubiri ule mlio wa kukatika.

"Kosa gani?" mzee akauliza hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo Hope hakuwahi kuisikia.

"Hili jani ni lile lile uliloniletea wewe, baba. Nimelitunza. Nikifika nitakwambia yote, ya Derick na ya Lesian."

Alikuwa amelisema jina. Lilikuwa limetoka, wazi, juu ya kilima, na halikuweza kurudi. Aliposikiliza alisikia pumzi za baba yake, nzito, za mtu mzima aliyekaa ghafla kwenye kiti. Mzee Abdiel alikuwa mgumu, lakini hakuwa mjinga. Alijua ni mikono ya nani iliyolifunga fundo lile, na alijua kwamba yeye, kuliko watu wote wa Machame na Arusha, hawezi kulikataa.

Derick alikuwa amesimama pembeni, begi la Hope bado mgongoni mwake, anasubiri.

Simu haikukatika.

"Marahaba," akasema mzee Abdiel. "Marahaba, mwanangu. Shukeni salama."